Mushrifa wa Barafuni

Nasaba yake siielezi, kwa sababu mwenyewe alikuwa akiieleza vya kutosha, na kila mara kwa namna nyengine. Wakija wageni wa wizarani, babu yake alikuwa kadhi Unguja. Akigombana na wahasibu, babu huyo huyo alikuwa tajiri wa karafuu ambaye fedha hazihesabu, anazipima kwa pishi. Na siku tuliyolalamika kwamba mazoezi yanatuumiza magoti, tuliambiwa babu alikuwa bingwa wa mieleka wa Ng'ambo nzima. Sisi tulimjua kwa kazi yake tu. Alikuwa Mushrifa, msimamizi wa wasichana wote wa chuo chetu hapa Maskati, kuanzia mabweni mpaka mabasi, na kwa msimu mmoja alikuwa pia msimamizi wa timu ya wanawake ya hoki ya barafuni. Mimi nilikuwa golikipa.

Watu wakisikia hivyo huuliza barafu ilitoka wapi. Lilikuwa ndilo swali la Amidi pia, mkuu wa chuo, siku masanduku yalipofika. Chuo kilikuwa kimetakiwa kiongeze michezo ya wasichana, na Mushrifa akaagiza vifaa vya mpira wa magongo, ule unaochezwa juu ya changarawe, maana uwanja wa changarawe tulikuwa nao. Tukayafungua masanduku mbele ya Amidi, ambaye alikuja ili apigwe picha. La kwanza lilitoa magongo, na kila mtu akafurahi. La pili likatoa helmeti zenye kizimba cha chuma usoni. La tatu likatoa viatu, na chini ya kila kiatu palikuwa na kisu kirefu.

Amidi alikinyanyua kimoja kwa vidole viwili. "Hivi ni vya nini?"

Mushrifa aliizungusha kidogo pete yake ya akiki kidoleni. Hiyo ndiyo dalili pekee niliyoiona.

"Vya barafuni," alisema.

"Maskati hakuna barafu."

"Ndiyo maana hatutakuwa na mshindani."

Mpiga picha akapiga picha. Wiki iliyofuata Amidi alisimama kwenye mkutano akaieleza hoki ya barafuni kuwa ni sehemu ya mtazamo wa mbele wa chuo, na aliposhuka jukwaani Mushrifa alimpigia makofi kama mtu anayesikia jambo jipya. Miaka yote niliyomjua sikupata kumsikia akisema amekosea. Alikuwa na jibu lake kwa hayo, naye alilitoa bila ya kuulizwa: "Mimi sikukosea. Nilitangulia."

Barafu ilipatikana. Ndani ya duka kubwa moja mlikuwa na uwanja mdogo ambao watoto walikuja kuteleza siku za likizo, na tukaukodi kwa saa za asubuhi kabla duka halijafunguliwa. Kochi tulimpata hapo hapo. Alikuwa Mfilipino, mwanamke mfupi mwenye subira nyingi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wadogo wasimame bila ya kulia. Alipotuona tukiingia kwa mara ya kwanza, tumeshikana mikono mstari mzima kama tunaovuka mto, hakucheka. Alikwenda akaleta wale sili wa plastiki, sanamu za mnyama wa bahari za baridi, ambao watoto huwashikilia wakijifunza, akampa kila mmoja wetu wake.

Mushrifa alikuwa na lugha tatu, na katika kila moja alikuwa mtu mwengine. Kiarabu chake kilikuwa cha mikutanoni, kimenyooka kama kanzu iliyotoka kwa dobi. Kiingereza alikitumia kwa wauza vifaa na kwa Kochi, akikisema polepole na kwa sauti kubwa kama anayezungumza na mtu aliye upande wa pili wa barabara. Kiswahili, tena kile cha kwao, alikiweka kwa mambo mawili: kusuta na kubembeleza. Kwenye timu tuliokijua tulikuwa wawili tu, mimi na Rahma, mshambuliaji wetu, na kwa hiyo sisi ndio tuliosutwa kwa makosa ya wote.

Alijifanya mkalimani wa Kochi ingawa sote tulikielewa Kiingereza. Kochi akisema turudi kinyumenyume, Mushrifa alitafsiri: "Rudini nyuma, kwa heshima." Kochi akisema tumkabe mwenye mpira, yeye alisema: "Msogeleeni, lakini msimguse, hamjui katoka nyumba gani."

Baridi aliichukia. Alikuwa na koti zito la sufu alilolinunua London alipompeleka dada yake kutibiwa, akilivaa juu ya abaya, kisha akajifunga shali juu ya mtandio mpaka yakabaki macho na mdomo. Mdomo ulihitajika. "Mungu katupa joto la bure," alikuwa akisema akipiga miguu chini pale ukingoni, "na sisi tunakwenda kununua baridi kwa saa." Ukimwambia basi Bi Mushrifa, nenda kakae mkahawani, alikutazama kama uliyemwambia ahame nchi.

Sheria zake zilikuwa nyingi na alizivunja yeye mwenyewe kwa zamu. Simu zilikatazwa wakati wa mazoezi, na yake ililia katikati ya mazoezi, naye akaipokea: "Nipo barafuni, nipigie baadaye," kwa sauti ya mtu aliye jikoni. Chakula kilikatazwa na wenye uwanja, kwa maandishi makubwa ukutani, naye alikuja na chupa ya kahawa, tende, na sambusa ndani ya kikapu alichokifunika kwa msala. Mlinzi alipomuuliza mna nini humo, alimpa sambusa mbili, na tangu siku ile mlinzi ndiye aliyembebea kikapu. Kupiga mbio mbele za watu, alitufundisha tangu mwaka wa kwanza, si adabu ya msichana. Mmoja wetu akamuuliza, je, na barafuni? Akafikiri kwa muda.

"Kuteleza si kukimbia," alisema, na fatwa ile ikapita.

Mchezo wenyewe hakuuelewa mpaka mwisho, lakini jambo hilo halikumzuia kuuendesha. Kile kisahani cheusi cha mpira kinachopigwa kwa magongo alikiita kitumbua. "Kifuateni kitumbua!" alipiga kelele, yeye aliyetukataza kupaza sauti. Kuna adhabu kwenye hoki: ukimchezea mtu vibaya unatolewa ukakae pembeni dakika mbili, ndani ya kijichumba cha vioo. Mushrifa aliielewa adhabu ile kuwa ni aibu, na aibu ilikuwa mamlaka yake. Mchezaji wetu akitolewa tu, alikwenda akaketi naye, akamsemesha dakika zote mbili bila ya kuvuta pumzi: mama yake angesema nini, watu wa mtaani wangesema nini, na yule aliyechezewa vibaya si mtoto wa watu? Kisha akampa sambusa. Tukawa timu yenye nidhamu kuliko zote kwenye Ghuba, maana hapana aliyetaka kwenda kwenye kijichumba kile.

Ligi yetu ilikuwa ya vyuo vinne. Mechi ya kwanza tulikwenda Dubai tukafungwa kumi na saba kwa bila. Yote kumi na saba nilifungwa mimi, na kwa ukweli siyakumbuki yote, maana mengine niliyapa mgongo nikijaribu kusimama. Tulirudi kwa basi. Rahma alilia, akasema anataka kuacha. Mushrifa alikuwa kiti cha mbele akiandika ripoti kwa Amidi, na alipoimaliza akatusomea kwa sauti. Ilikuwa imeandikwa kwamba timu yetu iliwaonesha wenyeji ukarimu unaojulikana wa watu wa Oman.

Rahma akacheka katikati ya kilio, na mtu akicheka hivyo hawezi tena kuendelea kulia.

Mechi ya pili ilikuwa na timu ya Bahrain, na timu ya Bahrain haikuja. Ndege yao iliahirishwa, kisha wakajiondoa kabisa. Tukapewa ushindi. Kwa hesabu za ligi yenye timu nne, ushindi ule wa kutokucheza ukatupeleka fainali, na Mushrifa akatengeneza bango. Lilikuwa kubwa kama ukuta wa chumba, likatundikwa juu ya lango la chuo, na ndani yake sote tumesimama tumeshika helmeti mkononi, nyuso wazi, chini yetu imeandikwa MABINGWA WA MAADILI NA MICHEZO. Tulimuuliza: je, si vizuri kwanza kuuliza wazazi? Akasema picha imetoka vizuri, na mzazi gani asiyependa kumwona mtoto wake ametoka vizuri?

Mzazi huyo alikuwa babake Rahma. Picha ilimfikia kwa simu kupitia kwa binamu yake, ikiwa na maneno ambayo Rahma hakunisomea. Siku ya pili Rahma hakuja mazoezini, na ya tatu pia. Bila ya yeye hatukuwa na mtu anayeweza kwenda na kitumbua zaidi ya hatua chache. Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi ya mechi. Amidi alikuwa amesema wazi kwamba fedha za barafu zimetosha msimu mmoja tu. Fainali ingehudhuriwa na mgeni rasmi, mzee mmoja mwenye cheo kirefu, na yeye ndiye angeamua kama chuo kiendelee kulipiwa barafu. Sijui namna ya kueleza tulivyoihofia siku hiyo. Lile lilikuwa jumba la baridi lililonuka soksi, lakini hakuna kwengine Maskati nzima ambako tuliambiwa twende kwa kasi zaidi.

"Twende kwao," aliniambia Mushrifa. "Wewe unakuja na mimi, ukae kimya, uonekane una malezi."

Nyumba yao ilikuwa Sib. Babake Rahma alikuwa na biashara ya vipuri vya magari. Alizaliwa Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko bara. Kwa Mushrifa kulikuwa na Waomani waliotoka Unguja, halafu kukawa na waliotoka bara, na hao wa pili aliwahurumia kama watu waliopotelewa na mizigo njiani. Njia nzima nilimwomba Mungu asiseme kitu.

Baba alitukaribisha vizuri. Kahawa ikaletwa, na halwa.

"Karibu sana, mama," alisema. "Lakini kama umekuja juu ya ule mchezo, jibu iko moja tu."

"Jibu ni moja tu," alisema Mushrifa, akijiweka sawa kwenye mto. "'Iko' ya nini?"

Mimi nikaitazama kahawa yangu.

"Picha ya mtoto wangu iko kwa geti, kubwa kama nyumba. Nani aliiweka?"

"Chuo," alijibu Mushrifa, kwa sauti ya mtu ambaye naye amechoshwa na chuo hicho.

"Mtoto wa kike, na viatu ya visu..."

"Vya visu."

Baba aliweka kikombe chini. "Mama, umekuja kuniomba ao umekuja kunifundisha?"

"Yote mawili," alisema Mushrifa. "La kufundisha ni la bure."

Nilidhani tutatolewa nje. Yule baba alimtazama kwa muda mrefu, na bado sijui kama pale mdomoni mwake palikuwa na hasira au kicheko. Mushrifa akasogea mbele, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kubembeleza.

"Nikuulize, baba. Binti yako akenda sokoni, wangapi wanamwona uso?"

"Wengi."

"Barafuni hapana hata mmoja. Kavaa magodoro mwili mzima, kavaa glavu, na uso umo ndani ya kizimba cha chuma. Nani atamjua? Hata wewe babake hutamjua."

"Mimi nitamjua mtoto wangu."

"Hutamjua."

"Nitamjua, mama! Mtoto nilimzaa mwenyewe!"

"Basi njoo uone," alisema Mushrifa, akachukua kipande cha halwa, maana kazi ilikuwa imekwisha.

Kwenye gari Mushrifa alisema Kiswahili cha yule baba kibaya lakini kahawa yake nzuri. Na bango? Siku iliyofuata lilishushwa. Alituambia limepelekwa kufuliwa. Halikurudi.

Fainali ilichezwa hapa Maskati na wasichana wa Kuwait. Walifika siku mbili kabla, na Mushrifa aliwatembeza Matrah kwenye maduka ya udi na kuwaonesha bandarini meli za watalii, akawalisha mpaka kochi wao akaomba apumzishwe. Tulifikiri ni hila, anawashibisha ili wawe wazito. Sasa naamini hakuweza tu kumwona mgeni asiyekula.

Siku ya mechi uwanja ulipambwa. Kulikuwa na zulia jekundu, viti vilivyopambwa, buhuri ya udi ikifuka ndani ya baridi ile, na bango jipya la kumkaribisha mgeni rasmi kwa jina lake kamili na vyeo vyake vyote. Jina lilikuwa refu na ukuta ulikuwa mfupi, kwa hiyo bango likafunika ule ubao wa kuhesabia mabao. Kochi alilalamika. Mushrifa akamwambia wanaocheza watahesabu wenyewe.

Babake Rahma alikuja, akakaa safu ya mbele na shemeji zake. Tangu filimbi ya kwanza alisimama akishangilia: "Huyo! Huyo ndiyo mtoto wangu! Ona vile anakimbia!" Alimshangilia mchezaji wa Kuwait, nambari tisa, mechi nzima, mpaka yule msichana akawa anamwinulia gongo akipita. Rahma alimpita baba yake mara nyingi karibu kabisa na kioo, na baba alimpungia mkono atoke njiani.

Tulifungwa bao moja, kisha la pili, la tatu, la nne. Lakini hayakuwa kumi na saba. Nilizuia mengi, mengine kwa makusudi. Mgeni rasmi alizidiwa na baridi akatoka kwenda kupiga simu, Amidi akamfuata, na mgeni alipokuwa akirudi mlangoni ndipo Rahma alipokichukua kitumbua katikati, akampita mmoja, akajikwaa kwa wa pili, akaanguka, na yeye na kitumbua na golikipa wao wakaingia golini pamoja. Refa akaonesha goli.

Siwezi kukueleza kelele zile. Hatukuwahi kufunga bao, kamwe, dhidi ya watu waliokuwapo. Tulimrukia Rahma sote, na mimi niliacha goli langu tupu nikavuka uwanja mzima, nikaanguka njiani nikamalizia kwa tumbo. Mlinzi alikuwa akilia. Muda mfupi baadaye filimbi ya mwisho ikapulizwa na sisi bado tulikuwa tukikumbatiana. Wasichana wa Kuwait walipeana mikono kimyakimya, kama watu waliozoea.

Mgeni rasmi aliangalia upande huu, akaangalia upande ule. Ubao wa mabao ulikuwa nyuma ya jina lake. Akachukua kikombe, akatembea juu ya zulia jekundu mpaka mwisho wake, akampa Rahma.

Ukumbi ukapiga makofi. Mheshimiwa ameshatoa, nani wa kumwambia? Kochi wa Kuwait alimwendea Amidi, na Amidi alitabasamu kwa meno yote akamwambia jambo hili litashughulikiwa baadaye, kidugu. Rahma alikuwa amekikumbatia kikombe. Sisi tulitazamana. Sitadanganya: tulikitaka. Kikombe kile kilikuwa barafu ya mwaka mzima mwengine.

Mushrifa alikuja ukingoni akanyoosha mkono. "Lete."

"Bi Mushrifa, katupa mwenyewe," alisema Rahma.

"Nimeona. Lete."

"Tukikirudisha, basi. Hatutacheza tena. Unajua!"

"Nnajua. Lete, mwanangu."

Akakichukua. Akashuka barafuni kwa viatu vyake vya ngozi vyenye vifungo vya dhahabu, koti la London mwilini, akaanza kwenda. Alikwenda kwa hatua fupi fupi, kikombe amekibana kifuani. Hakuna aliyethubutu kumshika. Ilimchukua muda mrefu mpaka Amidi akapata nafasi ya kubadilika rangi zaidi ya mara moja. Alipofika alimpa kikombe nahodha wa Kuwait, akageuka kwa mgeni rasmi, akasema kwa kile Kiarabu chake cha mikutanoni: "Mheshimiwa, kikombe kilipita kwetu kusalimia tu. Wenyewe ni hawa."

Nadhani ilimwia wepesi kidogo kwa sababu kosa halikuwa lake.

Kurudi kulimshinda. Alisimama katikati ya barafu, miguu imemgandia, akatuamuru sote tuje bila ya kutwambia tuje kufanya nini. Kochi akaleta mmoja wa wale sili wa plastiki wa kufundishia watoto. Mushrifa akamkalia upande, mkoba mapajani, kichwa juu, nasi tukamsukuma mpaka ukingoni. Mtu mmoja alisimama akapiga makofi peke yake, kwa nguvu. Alikuwa babake Rahma. "Huyu mama ananichosha," aliwaambia shemeji zake, "lakini iko sawa huyu."

Mushrifa alikuwa akipita mbele yake juu ya sili. "Yuko," alisema.

Mgeni rasmi hakukaa kunywa kahawa. Sambusa tulizila wenyewe. Barafu haikulipiwa tena, vifaa viliuzwa, na kwenye mikutano Amidi alianza kuzungumzia mtazamo wa mbele wa mpira wa meza. Mushrifa alihamishwa akapewa usimamizi wa ghala la viti vya mahafali. Rahma hakumsemesha mpaka tulipomaliza chuo, na mimi nilimsemesha kwa salamu tu. Sote tulimwona ametuuza. Nilipita mara moja pale ghalani nikamsikia akimkaripia mtu kwa sababu viti vimepangwa kwa aibu, vimepeana migongo.

Yapata miaka minane baadaye aliingia kwangu. Mimi sasa ni mpima macho. Nina chumba nyuma ya duka la miwani Khuwair ya Kusini. Alikuja bila ya miadi, akapita mbele ya watu watatu waliokuwa wakingoja, akaniambia mlangoni: "Golikipa! Umenenepa. Mashaallah." Alitaka cheti cha macho ili leseni yake ya gari isasishwe. Tayari alikuwa amestaafu na mumewe amefariki, na wanawe wote wako Ulaya. Gari, alisema, ndiyo miguu yake.

Nilimpa shikamoo, nikamkalisha, nikazima taa. Ubao wangu una alama kama uma, na mtu anatakiwa aseme meno yake yanaelekea wapi.

"Juu," alisema bila ya kusita. "Chini. Kulia. Kulia tena."

Hata moja haikuwa sahihi. Nikamwekea alama kubwa zaidi. Akajibu kwa haraka zaidi.

"Bi Mushrifa, jaribu taratibu."

"Ubao wako umepinda."

Nikamtazama ndani ya macho kwa mashine. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa baya zaidi, nyuma kabisa, mahali ambapo miwani haisaidii. Nikamweleza. Nikamwambia kuna daktari nitampeleka mimi mwenyewe, kuna operesheni ya lile la kulia, na Inshaallah atafaidika. Lakini cheti sitaweza kusaini.

"Hutaweza, au hutaki?"

"Siwezi."

"Nilikuchukua hujui kusimama," alisema. Kisha akasema kumhusu mama yangu, ambaye wanajuana, kisha kuhusu watu wengine wote wa umri wake wanaoendesha gari na hawaoni kitu, akawataja mmoja mmoja. Majina yalipomwishia alizungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, si ya kusuta wala ya kubembeleza.

"Nakuomba, mwanangu. Ni kalamu tu. Nakwenda sokoni na kwa dada yangu, basi. Nitakaa ndani peke yangu na nani?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliishika kwa muda ambao haukunipendeza. Halafu nikaiweka juu ya meza, mbali na mimi.

"Utamgonga mtoto wa watu, Bi Mushrifa."

Nje nilisikia wanaongoja wakilalamika. Akainuka, akajiweka sawa mtandio, na nikajua sasa ataondoka na sitamwona tena. Mlangoni alisimama.

"Nani kakufunza ukaidi huu?"

Akafungua mkoba, akatafuta kwa mkono ndani, akanirushia ufunguo. Ukapita pembeni yangu ukaangukia kwenye sinki.

"Basi nirudishe nyumbani," alisema. "Gari nimeliacha hapo mbele, mlangoni kwa watu."

Niliwaomba radhi waliokuwa wakingoja nikatoka naye. Gari lilikuwa kubwa, na ubavu wake wa kulia wote ulikuwa umechubuka. Akanieleza kwamba kuta za siku hizi hujengwa karibu mno na barabara. Nikaahidi kwamba Jumamosi nitampeleka kwa daktari, na kwamba Alhamisi zote nitampeleka kwa dada yake, naye akasema Alhamisi dada yake ana watu, iwe Jumatano. Tukakubaliana Jumatano. Njia nzima aliniambia nipunguze, niongeze, kwa nini nimemwacha huyo apite, kwa nini nimeshika usukani kama nimeshika sinia la moto. Nikasimamisha gari kwenye makutano.

"Mbona umesimama?"

"Taa nyekundu, Bi Mushrifa."

Akainua kidevu, akayakaza macho mbele kwa makini sana, upande ambao taa haikuwapo.

"Nnajua," alisema.